Noeli kwenye Basilika ya Kuzaliwa kwa Yesu, Bethlehemu: mnaojipanga kwenda, someni hapa kwanza

MwanaKashozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifika Oktoba simu yangu haitulii. Watu wa parokiani, ndugu, hata nisiowafahamu, swali lao ni moja: "Tunataka tufike Bethlehemu tarehe 24, tusali Misa ya usiku mle pangoni alimozaliwa Yesu." Kujibu mmoja mmoja kumenishinda. Nilikwenda kabla ya vita vya Gaza na nikarudi tena Noeli ya 2025, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Jibu langu kwanza, maelezo baadaye: kama kiu yako ni kuliona Pango na kusali kwa utulivu, tarehe 24 achana nayo. Nenda kati ya 27 Desemba na 5 Januari.

Misa ya usiku unayoiona kwenye televisheni haisaliwi ndani ya Basilika ile ya kale. Inasaliwa kanisa la Mtakatifu Katarina, kanisa la Wafransisko lililo ubavuni mwa Basilika, ukuta kwa ukuta. Basilika yenyewe sehemu kubwa iko mikononi mwa Waorthodoksi wa Kigiriki. Waarmenia wana upande wao wa kaskazini. Sisi Wakatoliki tuna haki zetu kule chini Pangoni, kwenye altare ndogo ya Hori. Utaratibu huo unaitwa Status Quo, ulithibitishwa na Sultani wa Uturuki mwaka 1852, na hadi leo hakuna anayethubutu kusogeza hata kiti. Nani anafagia ngazi ipi, nani anawasha taa ipi, nani anaimba saa ngapi, yote yana mwenyewe. Juu ya ile nyota ya fedha iliyo sakafuni Pangoni, panapoaminika Yesu alizaliwa, kuna taa 15 zinazoning'inia: sita za Wagiriki, tano za Waarmenia, nne za Walatini, yaani sisi.

Msidhani ni utani. Desemba 2011, siku chache baada ya Noeli yetu, watawa wa Kigiriki na wa Kiarmenia walitwangana kwa mifagio humo humo ndani wakati wa usafi wa kujiandaa na Noeli yao, hadi polisi wa Palestina wakaingia na virungu kuwaachanisha. Nyota nayo ina kesi yake. Ile ya awali iliibwa 1847, Waturuki wakaweka nyingine 1853, na ugomvi wa nani ana haki gani mahali hapo ukawa moja ya cheche za Vita vya Crimea, Urusi dhidi ya Uturuki, Uingereza na Ufaransa. Mataifa makubwa yalipelekana vitani, na chanzo kimojawapo ni kipande cha fedha chenye ncha 14 ambacho ukikilalia kinaishia kifuani.

Sasa tuingie. Mlango wa Basilika una kimo cha mita 1.2 hivi, na jina lake ni Mlango wa Unyenyekevu. Waongozaji watakwambia ulifanywa mfupi ili kila mtu ainame mbele za Bwana. Inapendeza, ila sababu iliyoufupisha ni kuzuia watu wasiingize farasi na mikokoteni kuja kupora. Simama nje kidogo uangalie ukuta kabla hujainama: utaona alama za mlango mkubwa wa zamani wa enzi za Justiniani, kaisari wa Roma ya Mashariki, ndani yake tao la Wapiganaji wa Msalaba, na chini kabisa hicho kijishimo unachopita leo. Milango mitatu kwenye ukuta mmoja.

Ukishainuka upande wa pili, unakuta ukumbi mrefu wenye nguzo 44 za jiwe jekundujekundu. Jengo hili ni la Justiniani, karne ya 6. Lile la kwanza la Kaisari Konstantino na mama yake Helena liliwekwa wakfu mwaka 339, na sakafu yake bado ipo: katikati ya ukumbi kuna milango ya mbao sakafuni, wakiifunua unaona mozaiki za kale kama nusu mita hivi chini ya miguu yako. Wengi hupita hapo mbio wakiwahi foleni ya Pango. Ukiinua macho kwenye kuta za juu kuna malaika wa mozaiki za karne ya 12 wanaotembea kuelekea Pangoni. Kwa muda mrefu walihesabika sita. Mafundi Waitaliano walioanza ukarabati mwaka 2013 ndio waliomkuta wa saba amefichwa chini ya lipu.

Mapokeo ya pale yanasema Waajemi walipovamia mwaka 614 waliteketeza makanisa mengi ila hili wakaliacha, kwa sababu waliona picha ya Mamajusi wamechorwa na mavazi ya Kiajemi. Mimi hadithi hii naipenda kuliko zote.

Pango lenyewe ni dogo. Urefu mita 12 na kidogo, upana mita tatu na nusu. Unashuka ngazi za jiwe zilizolika katikati kwa miguu ya watu, zinateleza, na kichwani joto la mishumaa na harufu ya ubani vinakupokea. Kuta zimefunikwa vitambaa visivyoshika moto, zawadi ya Rais MacMahon wa Ufaransa mwaka 1874, baada ya Pango kuungua. Nyota iko sakafuni chini ya altare, kwa hiyo huwezi kuifikia umesimama: unapiga magoti, unaingiza kichwa chini ya altare, taa zinakuning'inia karibu na sikio. Katikati ya nyota kuna tundu la duara. Unaingiza mkono, unagusa mwamba. Mimi niliukuta wa baridi na una mafuta, maana kila mtu anapakaza chochote alichobeba: rozari, picha za watoto wake, leso. Halafu mtawa anasema "yalla, yalla", yaani haya twende, na zamu yako imeisha.

Tarehe 24 na 25 hiyo zamu hata kuipata ni kazi. Mji unafungwa kwa usalama, wakubwa wanakuja, Basilika inafungwa na kufunguliwa kwa ratiba ya sherehe. Kati ya 27 na 5 foleni ipo, lakini inatembea. Asubuhi na mapema, mlango ukifunguliwa tu, unaweza kumkuta mtawa mmoja anafuta taa na bibi wawili wa mji wanasali.

Kwa wanaotaka shangwe, hiyo 24 ni yenu. Mchana Patriaki wa Kilatini, kwa sasa Kardinali Pizzaballa, anatoka Yerusalemu na kuingia mjini kwa maandamano. Skauti wa Kipalestina wanamtangulia na ngoma na zumari za Kiskoti zile zenye mfuko, urithi wa enzi za Waingereza. Vitoto vya skauti vimevaa sare, vimevimba mashavu vinapuliza, mama zao pembeni wanapiga vigelegele. Miaka ya 2023 na 2024 hayo yote yalifutwa kwa sababu ya vita, mji ukawa kimya. 2025 mti wa Noeli uliwashwa tena Desemba pale Uwanja wa Hori, uwanja ulio mbele ya Basilika, na niliowaona wengi ni wenyeji na Wakristo Waarabu waliotoka Galilaya. Wageni wa mbali tulikuwa wachache.

Karibuni maswali.

---

Kijana_wa_Molo

Mkuu, umenifungua macho. Nilidhani ni kanisa moja tu. Sasa tiketi za hiyo Misa ya usiku zinanunuliwa wapi?

---

MwanaKashozi

Haziuzwi, mkuu. Ni bure. Zinaombwa mapema kwa Wafransisko, kupitia ofisi yao ya habari kwa mahujaji iliyo karibu na Lango la Yafa, Yerusalemu. Ni chache na huisha. Atakayekuuzia ni tapeli.

---

Mama Neema

Tumsifu Yesu Kristo. Hapo kwenye tiketi naomba niongeze maana yalinikuta. Wakala mmoja wa safari, jina simtaji, alituandikia kwenye ratiba "Misa ya mkesha Bethlehemu" na akatutoza nyongeza. Tumefika, tukaishia Uwanja wa Hori tunaangalia Misa kwenye skrini, mvua ya rasharasha inatunyeshea, wamama wa kanga na sweta moja. Nilipomuuliza akanijibu, "Lakini mama, si mko Bethlehemu?" Nikanyamaza.

Kwa hiyo akina mama wenzangu, mkisoma ratiba ya safari ulizeni: Misa ndani ya kanisa gani, kwa tiketi ya nani, na tutalala mji gani. Hoteli za Bethlehemu kwa kawaida ni nafuu kuliko za Yerusalemu, na ukilala kule ndipo unapoweza kuwahi asubuhi kama alivyosema mwanzisha uzi. Vikundi vingi vinalala Yerusalemu, vinaletwa Bethlehemu saa nne, saa ambayo mabasi yote yanafika.

---

MwanaKashozi

Milele amina, mama. Pole sana, na hiyo ya kulala Bethlehemu ni ushauri wa dhahabu. Na nguo jamani! Mji uko mlimani, juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 750. Desemba usiku ni baridi ya kweli, mvua ni ya msimu wake, miaka mingine hata theluji huanguka. Koti zito, viatu visivyoteleza.

---

Mtumishi77

Bwana asifiwe. Mimi niulize tu bila kumkwaza mtu: hiyo tarehe 25 imeandikwa wapi kwenye Biblia? Na nani alithibitisha kwamba ni pango hilo hilo? Biblia inasema hori, haisemi pango. Fedha hizo za nauli zingesomesha yatima wangapi?

---

Mwalimu wa Historia

Mtumishi, tarehe haimo, wala hakuna Kanisa lenye akili timamu linalodai imo. Kuhusu pango una hoja kwamba Luka anataja hori tu. Lakini katikati ya karne ya 2 Yustino Shahidi, mtu aliyezaliwa Palestina hiyo hiyo, tayari anaandika kwamba Yesu alizaliwa pangoni karibu na kijiji. Karne ya 3 Origene, mwanateolojia wa Kanisa la kale, anasema pango lenyewe linaonyeshwa Bethlehemu na hata wasio Wakristo wanalijua. Jeromu, aliyehamia Bethlehemu mwaka 386 na kufia hapo mwaka 420, anasema juu ya pango hilo kulikuwa na kichaka cha ibada ya Adoni, mungu wa wapagani. Yaani Helena hakuja kubahatisha, alikuta mahali pana sifa tayari. Huo si ushahidi wa mahakamani, lakini ni kumbukumbu ya mapema sana kwa mambo ya kale.

Na huyo Jeromu pango lake lipo pia, chini ya Mtakatifu Katarina. Hapo Bethlehemu ndipo alipofanya sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kilatini. Foleni ya kwake haipo kabisa, nendeni mkakae dakika kumi.

---

Mtumishi77

Asante kwa elimu, mwalimu. Swali la yatima bado liko mezani.

---

Mama Neema

Mtumishi, yatima ninao wawili nyumbani na nilikwenda kwa mchango wa vikoba wa miaka. Tuachie.

---

Simeon_Nyeri

Nyinyi mnasema Noeli kana kwamba ni moja. Mimi ni Mworthodoksi wa hapa Kenya. Sisi tuko chini ya Patriaki wa Aleksandria, Noeli yetu ni 25 Desemba sawa na nyinyi. Patriaki wa Yerusalemu yeye hufuata kalenda ya zamani iliyo nyuma kwa siku 13, kwa hiyo Bethlehemu Waorthodoksi wanasherehekea usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Januari. Waarmenia wa pale wanakuja mwisho kabisa, 18 kuamkia 19 Januari. Noeli tatu, Basilika moja.

Nami nawaambia: anayetaka Noeli *ndani ya Basilika yenyewe*, si kwenye kanisa la pembeni, aende usiku wa tarehe 6 Januari. Mchana wake viongozi wanaingia mmoja baada ya mwingine, Wasiria, Wakopti, Wagiriki, Waethiopia, kila mmoja na skauti na msafara wake. Usiku Liturujia inaimbwa mbele ya ule ukuta wa ikoni uliochongwa, moshi wa ubani unapanda hadi kwenye malaika wa mozaiki. Waethiopia na mashuka yao meupe na ngoma zao wakianza kuimba, mtu wa Afrika Mashariki anajisikia yuko nyumbani. Unasimama, viti ni vya kubahatisha, na inachukua usiku mzima.

---

MwanaKashozi

Mkuu Simeon, hapo umenizidi. Tarehe 6 mimi huwa nimeshapanda ndege. Ila niliwahi kuwaona tarehe 4 wakisafisha taa kujiandaa, kila upande unasimamia upande wake kwa jicho kali, na baada ya ile vurugu ya mifagio nilijikuta nacheka peke yangu.

---

Pwani Tulivu

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mimi ni Muislamu wa Unguja, nilipita hapo na kundi letu la ziyara ya Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu. Nataka kuongeza jambo ambalo mahujaji Wakristo hawaambiwi. Mkabala na Basilika, ng'ambo ya Uwanja wa Hori, kuna Msikiti wa Omar, umejengwa 1860. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Omar bin Khattab alipofika Bethlehemu mwaka 637 aliswali ndani ya kanisa hilo, upande wa kusini, na akatoa ahadi kwamba Wakristo wasinyang'anywe. Adhana ya magharibi na kengele za kanisa zinakutana hapo uwanjani, na wenyeji hawageuzi hata shingo.

Nasi Maryam tuna sura yake kwenye Qur'ani, ya 19, na humo uchungu unamshika chini ya mtende. Waislamu wa pale nao huingia kanisani kumzuru. Bibi mmoja aliyejifunga hijabu alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya Pango, anabubujikwa na machozi. Sikumuuliza kitu.

---

Mama Neema

Wa alaykum salaam, kaka yangu. Huyo bibi pengine alikuwa na haja yake. Hapo karibu kuna Pango la Maziwa, mwendo wa dakika chache kwa miguu, linasimamiwa na Wafransisko. Mapokeo yanasema Bikira Maria alimnyonyesha Mtoto hapo, tone likaanguka na jiwe likageuka jeupe. Wanawake wanaotafuta mtoto huenda, Wakristo na Waislamu, na hupewa unga wa lile jiwe pamoja na sala. Ukutani kuna picha za watoto waliozaliwa baadaye, zimetumwa kutoka kila pembe.

---

Furaha_Bukavu

Salamu kutoka Kongo. Sisi huku tuna vita vyetu, nasoma hivi nikijiuliza: mtu anaingiaje huko? Viza ya Palestina au ya Israeli? Na usalama je?

---

MwanaKashozi

Pole na vita, ndugu yangu. Bethlehemu iko Ukingo wa Magharibi, mji unaendeshwa na Mamlaka ya Palestina, lakini njia zote za kuingilia nchini ziko mikononi mwa Israeli. Kwa hiyo viza ni ya Israeli. Uwanja wa ndege ni Ben Gurion, wengi wetu tunapitia Addis Ababa. Wengine hutua Amman, Yordani, wakavuka daraja la mto.

Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita kumi tu, ila katikati kuna ukuta wa zege na kituo cha ukaguzi. Kuingia Bethlehemu ni rahisi. Kutoka ndiko mnakosimamishwa. Pasipoti mfukoni, si hotelini, na kile kikaratasi unachopewa uwanja wa ndege usikipoteze, ndicho kinachoonyesha umeingia kihalali.

Usalama: fuata tahadhari za ubalozi wenu wiki ya kuondoka, si za miezi sita nyuma, na kabla ya kulipa muulize wakala kwa maandishi fedha inarudije safari ikifutwa. Waliolipia Noeli ya 2023 wanajua ninachosema. Basilika hiyo hiyo ilizingirwa siku 39 mwaka 2002, wanamgambo wa Kipalestina na watawa wakiwa ndani na jeshi la Israeli nje.

---

Kijana_wa_Molo

Na zawadi? Nyumbani watanitoa roho nikirudi mikono mitupu.

---

Mama Neema

Mbao za mzeituni, mwanangu. Ndiyo kazi ya familia nyingi za Kikristo za Bethlehemu na Beit Sahour tangu enzi na enzi: misalaba, rozari, seti za hori. Mwongozaji atawapeleka duka kubwa lenye maegesho ya mabasi, naye ana chake humo. Wewe panda Mtaa wa Nyota kwa miguu, ingia karakana ndogo, mkute fundi vumbi la mbao limejaa nyusi. Bei inapatanishwa, lakini usimkandamize. Miaka miwili hawakuuza kitu.

---

Simeon_Nyeri

Na ukimaliza teremka hadi Beit Sahour penyewe, Uwanja wa Wachungaji. Pako viwili: cha Wafransisko na cha Waorthodoksi. Ugomvi wa hapo sitauanzisha.

---

Dada Wa Makete

Uzi bora. Swali la mwisho kabla sijampigia wakala: mama yangu ana miaka zaidi ya 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza kushuka Pangoni? Na Jumapili pako wazi?

---

MwanaKashozi

Dada, ataweza akisaidiwa, ila mpangeni vizuri. Ngazi za kushukia si nyingi lakini ni za mviringo, zimelika na zinateleza, na foleni inasukuma kutoka nyuma. Mtu mmoja atangulie mbele yake, mwingine awe nyuma. Mwambieni mwongozaji tangu jana yake aongee na walinzi, mara nyingi wazee hupitishwa upande wa kutokea, wa Mtakatifu Katarina, ambako msongamano ni mdogo. Kupiga magoti kwenye nyota si lazima. Aguse nguzo ya altare, au akae kwenye benchi karibu na altare ya Hori mkabala wake, hatua chache tu.

Jumapili asubuhi Pango lina Liturujia ya wenyewe, wageni huruhusiwa kuanzia mchana. Siku za kawaida fikeni mlango unapofunguliwa, na majira ya baridi hufunga mapema jioni. Nitumie ujumbe wa faragha na tarehe zako nikuangalizie kama haziangukii siku ya usafi.